Usikate tiketi ya ndege kabla mechi haijatulia

Swali: Nimedunduliza miaka miwili ili nimpeleke baba yangu Ulaya kutazama mechi moja uwanjani. Ana miaka 67, magoti yanamsumbua kidogo, na ni shabiki wa Liverpool tangu enzi za kusikiliza matokeo redioni, ingawa anasema mechi yoyote nzuri itamtosha. Tuna siku nne tu. Nimeona ofa ya ndege inayofungwa Ijumaa hii, na kuna mtu mtandaoni ana tiketi mbili za mechi ya Liverpool ya Jumamosi moja, miezi mitatu kutoka sasa. Nilipie ndege kwanza au tiketi za mechi kwanza?

Jibu: Hata kimoja, ndugu yangu. Iache ofa ya Ijumaa ipite, na huyo mtu wa mtandaoni usimtumie hata senti. Najua maneno haya yanamuuma mtu aliyedunduliza miaka miwili. Lakini kazi yangu kwa muda mrefu imekuwa kupanga safari fupi za mashabiki, na karibu kila safari niliyoiona ikiharibika ilianza hivyo: bei nzuri ya ndege ikaonekana, ikalipiwa haraka, kisha mambo mengine yote yakalazimishwa kuifuata. Ndege zipo kila siku, mechi ni moja. Ndege ndiyo iifuate mechi.

Shida ya kwanza ni hiyo "Jumamosi" yenyewe. Ligi Kuu ya Uingereza hutoa ratiba ya mechi zote 380 katikati ya Juni, na sehemu kubwa ya mechi za wikiendi huandikwa kwanza Jumamosi saa 9 alasiri kwa saa za kule. Watu huiona tarehe ile wakaichukua kuwa ahadi. Ile ni kama jiwe linalowekwa kwenye foleni kumshikia mtu nafasi, mwenyewe hajafika. Baadaye vituo vya runinga vyenye haki za matangazo huchagua mechi zao, na mechi iliyochaguliwa inaweza kupelekwa Ijumaa usiku, Jumamosi mchana, Jumamosi jioni, Jumapili, hata Jumatatu usiku. Kuna sababu ya zamani inayozidisha uhamishaji huu. Siku ya Jumamosi, kuanzia saa 8:45 mchana hadi saa 11:15 jioni, Uingereza haionyeshi mechi yoyote ya mpira moja kwa moja kwenye runinga zake, ili watu waende viwanjani kuziunga mkono hata klabu ndogo. Basi mechi yoyote ambayo runinga inaitaka ni lazima itoke kwenye ile saa 9. Na Liverpool ni klabu inayotakiwa na runinga karibu kila wiki. Mechi ya baba yako ina nafasi kubwa ya kuhama kuliko ya kubaki.

Runinga si sababu pekee. Timu ikicheza mashindano ya Ulaya siku ya Alhamisi, mechi yake ya ligi husogezwa Jumapili. Ikisonga mbele kwenye kombe la ndani, mechi ya ligi iliyopangwa wikiendi hiyo huweza kuondolewa kabisa na kuwekwa usiku wa katikati ya wiki, pengine mwezi mwingine. Polisi nao wakiona watani wawili watawasumbua usiku, wanaweza kuomba mechi ichezwe mchana.

Nilijifunza jambo hili kwa gharama ya watu wengine, na bado linaniumiza. Niliwahi kusafiri na kundi la watu kumi na mmoja kwenda kutazama mechi iliyokuwa imeandikwa Jumamosi. Nililipia ndege mapema, ya kurudi ikiwa Jumatatu saa sita mchana. Mechi ikahamishiwa Jumatatu usiku. Tulizunguka nje ya uwanja siku mbili, tukapiga picha mbele ya geti lililofungwa, tukarudi. Tulipotua na kuwasha simu, mpira ulikuwa umekwisha na matokeo yametoka. Kosa lilikuwa langu, na tangu siku ile sijalipia ndege ya mtu yeyote kabla mechi yake haijatulia.

Mechi kutulia maana yake ni kwamba tarehe na saa zimethibitishwa baada ya runinga kuchagua. Uingereza hilo hutokea wiki tano au sita hivi kabla ya mechi, na ligi yenyewe hutangaza mapema ni lini itatoa orodha ya kila mwezi. Ujerumani hutoa siku na saa kwa mafungu ya raundi kadhaa kwa pamoja. Hispania huchelewa zaidi, na wiki tatu au nne ndizo utakazopata kujipanga.

Lakini kuna mechi zinazotulia mapema zaidi, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi. Ya kwanza ni raundi ya mwisho ya ligi. Kwa ajili ya haki, Uingereza na Ujerumani mechi zote za raundi ile huanza saa ileile siku ileile, kwa hiyo runinga haina cha kuhamisha. Uingereza ni Jumapili ya mwishoni mwa Mei, na tarehe hiyo inajulikana tangu ratiba inapotoka. Ubaya wake ni kwamba tiketi zake ni ngumu, hasa timu ikiwa inawania ubingwa.

Ya pili, ambayo kwako naipenda zaidi, ni mechi ya Ligi ya Mabingwa ya katikati ya wiki. Tangu msimu wa 2024/25 mashindano yale yana timu 36, na kila timu hucheza mechi nane kabla ya mtoano, nne kati yake nyumbani. Droo hufanyika mwishoni mwa Agosti, na siku chache baadaye tarehe na saa zote nane zinatoka. Zikishatoka, hazichezewi ovyo kama za ligi. Kama timu ya mzee imefuzu, una mechi nne za nyumbani zilizotulia miezi kadhaa kabla, na nyingine ikiwa dhidi ya timu isiyo na jina kubwa, ambayo tiketi zake hupatikana kwa urahisi zaidi. Tena mechi ya usiku wa Ulaya, chini ya taa, haihitaji kupambwa kwa maneno.

Usinielewe kwamba mechi iliyotulia haianguki kamwe. Malkia Elizabeth alifariki tarehe 8 Septemba 2022, kesho yake ligi ikaahirisha mechi zote za wikiendi ile, na watu walikuwa wameshatua kutoka pande zote za dunia. Tarehe 7 Desemba 2024 Everton na Liverpool walikuwa wacheze saa 6:30 mchana. Dhoruba Darragh ikaleta upepo mkali, mechi ikaahirishwa asubuhi ileile. Ilikuja kuchezwa tarehe 12 Februari 2025, ikaisha 2-2. Mwaka huohuo wa 2024, mafuriko ya Valencia yaliiondoa mechi ya Valencia na Real Madrid iliyokuwa tarehe 2 Novemba, ikachezwa Januari. Na wapo waliopata makubwa zaidi: mechi ya marudiano ya fainali ya 2018 ya Copa Libertadores, kombe la klabu za Amerika Kusini, kati ya River Plate na Boca Juniors ilitolewa Buenos Aires baada ya basi la Boca kushambuliwa, ikapelekwa Madrid, bara jingine kabisa, tarehe 9 Desemba.

Katika hali kama hizo, kwa kawaida klabu hukurudishia pesa ya tiketi au huiacha tiketi yako itumike siku mpya. Ndege na hoteli hazimo. Bima nyingi za safari nazo hulipa ukiugua au ndege ikifutwa, si mpira ukiahirishwa. Soma karatasi kabla ya kuilipia. Kinga ya kweli ni ratiba yako mwenyewe. Chukua hoteli inayokubali kughairiwa hadi siku moja au mbili kabla, na ndege inayoruhusu kubadilisha tarehe kwa ada, hata kama bei yake imezidi kidogo ile ya ofa. Na uende mahali penye timu nyingi. London peke yake huwa na timu sita au saba za Ligi Kuu msimu mmoja. Liverpool na Manchester zinatenganishwa na safari ya treni isiyozidi sana saa moja, na ndani ya miji hiyo miwili kuna Liverpool, Everton, Manchester United na Manchester City. Madrid ina Real, Atlético na Rayo Vallecano, na Getafe ipo jirani. Mechi moja ikihamishwa, ya pili mnaweza kuifikia kwa treni.

Sasa tuje kwa huyo muuzaji wako. Uingereza, kuuza tiketi ya mechi ya mpira bila idhini ni kosa la jinai chini ya sheria ya mwaka 1994. Kwa hiyo hata kama tiketi zake ni za kweli, anayekuuzia anavunja sheria, na klabu ikigundua inazifuta, nanyi mnazuiwa getini. Nyingi hata hazipo. Mtu ana picha ya skrini ya tiketi moja, anawauzia watu watano. Au anakuambia atakutumia "siku ya mechi asubuhi", na asubuhi hiyo simu yake haipatikani. Angalia na hili: anauza mechi ya miezi mitatu ijayo wakati klabu nyingi hazijaanza hata kuwauzia wanachama wake. Huenda anauza kitu ambacho yeye mwenyewe hana. Zile tovuti kubwa za kuuziana tiketi hazina nafuu sana. Utalipa mara kadhaa ya bei iliyoandikwa, hutajua jina la aliyekuuzia, na viti viwili "vya pamoja" mara nyingine huwa safu mbili tofauti. Hutaki mzee wa miaka 67 akae peke yake katikati ya watu asiowajua.

Njia halali ziko nne, na zote zinaanzia kwenye tovuti ya klabu yenyewe. Kwanza ni uanachama. Klabu kubwa za Uingereza haziuzi tiketi za kawaida kwa mtu asiye mwanachama, kwa sababu zinaishia kwa wanachama. Nunua uanachama wa watu wawili, wako na wa mzee, kwa majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kisha muunganishe akaunti ili muombe pamoja. Kwenye klabu kama Liverpool wanachama ni wengi kuliko viti vinavyobaki, kwa hiyo huingizwa kwenye bahati nasibu, na maombi hufunguliwa mapema, kabla ya msimu au kabla ya nusu ya pili. Ukikosa, usikate tamaa, maana njia ya pili ni soko rasmi la ndani: mwenye tiketi ya msimu asiyeweza kwenda huirudisha klabuni, na klabu huiuza kwa bei ya kawaida. Viti hivi hutokea siku za mwishomwisho, kimoja kimoja, na viwili vya pamoja vinahitaji subira. Njia ya tatu ni mawakala waliotajwa kwa jina kwenye tovuti ya klabu. Mtu akisema ni wakala rasmi nawe humuoni pale, si wakala.

Ya nne ni tiketi za VIP zinazouzwa na klabu. Ni ghali, tena sana. Hata hivyo kwako nazitaja kwa moyo mweupe. Nafasi ni ya uhakika, viti viko pamoja, mnaingia mapema, kuna ukumbi wa ndani wa kukaa kabla ya mechi na wakati wa mapumziko, na mara nyingi kuna lifti. Safari hii mnaifanya mara moja, na mmoja wenu ana magoti mabovu. Mechi ya kawaida dhidi ya timu ya katikati ya msimamo, mkiwa na tiketi za VIP za bei ya chini kabisa, itampa mzee siku nzuri kuliko mechi ya watani mliyoingia kwa tiketi ya mlanguzi huku moyo ukidunda mpaka getini. Piga hesabu zote mbili kwenye karatasi. Wengi niliowapigia hesabu hizo walishangaa jinsi bei ya mlanguzi ilivyoikaribia ya VIP.

Nchi nyingine zina taratibu zao. Ujerumani tiketi za kawaida ni nafuu zaidi na tiketi nyingi za mechi hukupa pia usafiri wa umma wa eneo lile siku hiyo, lakini jukwaa maarufu la kusini la Dortmund, lenye mashabiki karibu 25,000, ni la kusimama. Si la mzee wako. Italia tiketi huandikwa jina la mtu na getini huweza kudaiwa kitambulisho, kwa hiyo herufi moja iliyokosewa ni usumbufu. Hispania klabu kubwa huuza hata kwa wasio wanachama kupitia tovuti zao, na ukikosa subira na bahati nasibu za Kiingereza, Madrid ni mahali pazuri pa kuhamishia ndoto.

Kuhusu viza, naandika kwa wale ambao pasipoti zao zinaihitaji, na wengi wa wasioihitaji siku hizi hutakiwa kuomba kibali cha kielektroniki kabla ya kupanda ndege kwenda Uingereza. Hapa kuna tofauti ambayo watu huipuuza. Viza ya kawaida ya kutembelea Uingereza huombwa hadi miezi mitatu kabla ya safari, majibu kwa kawaida huchukua wiki tatu, na ukiipata inaruhusu kukaa hadi miezi sita. Maana yake unaweza kuiomba kabla mechi haijatulia, bila kulipia ndege, ukieleza kipindi unachotaka kusafiri. Ikitoka, unasubiri tarehe ukiwa umetulia. Viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya Hispania, Ujerumani, Italia na Ufaransa, mara nyingi hutolewa kwa siku zilezile ulizoandika na siku chache za ziada. Mechi ikihama wiki nzima, viza inaweza kuwa imekufa. Ndiyo maana kwa nchi za Schengen nakusukuma kwenye Ligi ya Mabingwa, ambayo tarehe zake zinajulikana. Maombi yake hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari, hujibiwa kwa kawaida ndani ya siku 15 na wakati mwingine hufika 45, na utadaiwa bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Viza ya Schengen haikuingizi Uingereza, wala ya Uingereza haikuingizi Schengen. Kumbuka hilo unapopanga mechi ya akiba, na unapochagua ndege inayopitia nchi nyingine.

Kwenye maombi, sema ukweli wote: mnakwenda kutazama mpira, siku nne, wewe ndiye unayemlipia baba yako. Ambatisha uthibitisho wa uanachama au wa tiketi, barua yako ya kumgharamia, na taarifa za benki zinazoonyesha akiba ikikua mwezi baada ya mwezi. Akiba ya miaka miwili ni ushahidi mzuri sana, usiifiche kwa kuingiza fungu kubwa la mkopo wiki moja kabla ya kuomba. Pasipoti zenu ziangalieni leo.

Ndege sasa. Viza ipo, tiketi ipo, mechi imetulia: lipia. Mfike angalau siku moja kabla ya mechi na muondoke siku inayofuata, si usiku uleule. Ndege ya kufika asubuhi ya mechi ikichelewa saa nne, umelipia kila kitu kwa ajili ya kuangalia mpira kwenye kioo cha uwanja wa ndege. Siku zenu nne zinatosha kabisa: moja ya kusafiri, moja ya kupumzika na kuona mji, moja ya mechi, moja ya kurudi. Kabla ya kuchagua hoteli, tazama uwanja uko wapi hasa, maana jina la timu hudanganya. Stade de France iko Saint-Denis, nje ya Paris. MetLife Stadium inayohesabiwa ya New York iko New Jersey. Uwanja wa Atatürk wa Istanbul uko mbali na mji, na mashabiki wa fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2023 waliuonja umbali ule kwenye foleni za magari. Mimi huchagua hoteli karibu na kituo kikuu cha treni badala ya karibu na uwanja, kwa sababu baada ya mechi watu elfu sitini wanatafuta barabara ileile, lakini ukishafika kituo kikuu umeshapona.

Kiti cha mzee kina maneno yake. Runinga imetuzoesha kutazama kutoka ubavuni, juu kidogo, na huko ndiko ningemkalisha: jukwaa la pembeni, usawa wa kati, kiti cha mwisho kwenye njia ili aweze kunyoosha mguu na kutoka bila kuwaruka watu. Nyuma ya goli kuna nyimbo na kelele tamu, lakini kwenye viwanja vingi watu wa kule husimama dakika zote 90 hata kama wamelipia viti, na mzee akikaa ataona migongo tu. Safu za mbele kabisa zina raha moja ambayo haimo kwenye runinga, ya kusikia mpira ukigongwa na wachezaji wakiitana kwa majina, ila paa huwa haizifikii, na mvua ya Februari haina huruma. Safu za juu kabisa zina ngazi nyingi. Andikia klabu barua pepe, ueleze umri na magoti. Klabu kubwa zina watu wa kuwasaidia wasioweza kupanda ngazi, na hujibu.

Msikae upande wa wenyeji mkiwa mmevaa jezi ya wageni. Viti vya mashabiki wa ugenini huuzwa na klabu ya ugenini kwa watu wake, kwa hiyo nyinyi mtakuwa kwa wenyeji. Ukishangilia goli la wageni pale, walinzi wanaweza kukutoa nje, na wanaruhusiwa. Mkipata Liverpool ikicheza ugenini, kwa mfano London, mwambie mzee mapema aache skafu hotelini na furaha yake aifiche kifuani. Nimeona watu wazima wakishindwa.

Tiketi siku hizi ni simu. Klabu nyingi za Uingereza hazikupi karatasi. Unaigusisha simu kwenye mashine ya geti, kama unavyolipia dukani. Hakikisheni simu zenu zote mbili zina uwezo huo kabla hamjaondoka, kwa sababu simu ya mzee huenda haina, na klabu nyingi zinataka kila tiketi iwe kwenye simu yake. Pakueni tiketi mkiwa hotelini, kwa sababu intaneti ya simu hukwama watu wakijaa uwanjani. Bebeni chaja ya mkononi iliyojaa. Mabegi acheni hotelini. Viwanja vingi haviruhusu begi kubwa kuliko karatasi ya A4 na havina pa kuyahifadhi. Bia kule Uingereza hainywewi ndani ya uwanja mahali ambapo sehemu ya kuchezea inaonekana, sheria hiyo ipo tangu 1985. Fikeni saa moja na nusu kabla, mtembee polepole, muingie wakati foleni bado fupi. Mtafaidi kuwaona wachezaji wakipasha misuli, jambo ambalo runinga haionyeshi, na ambalo wazee wa mpira wanalipenda kuliko vijana: pasi za mita mbili, kipa akipigiwa mashuti, kocha akiwa kimya pembeni.

Kipenga cha mwisho kikilia, kaeni. Dakika ishirini tu. Uwanja unatoka watu, ngazi zinakuwa wazi, naye ataweza kushuka akishika chuma bila kusukumwa. Mkubaliane mapema mahali pa kukutana kama mtapotezana, mahali pasipohama: sanamu, si gari la polisi wala kibanda cha skafu.

Kwa wiki hii, fanya mambo matatu: angalia tarehe za mwisho za pasipoti, fungua uanachama wa watu wawili, na uandike kwenye kalenda siku ambayo ligi imesema itatangaza orodha inayofuata ya mechi za runinga. Ofa ya ndege nyingine itakuja, hilo nina hakika nalo.

Na siku ya mechi, kabla hamjaingia, mnunulie mzee kijitabu cha mechi. Huuzwa nje ya uwanja, kina tarehe, majina ya timu mbili na wachezaji wa siku hiyo, na mechi kubwa huisha mapema. Tiketi ya simu haibaki na mtu, lakini kijitabu atakirudisha nyumbani mkononi, naye atataka kuwaonyesha wenzake waliokuwa wakisikiliza redio pamoja naye.